Damu, Muuguzi na Sheria: Nani Mwenye Idhini?



Ndugu zetu katika imani, katika ukanda wa dhahabu kuanzia Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita, familia nyingi huishi kandokando ya maduara ya wachimbaji wadogo, mbali na hospitali kubwa. Huko kifusi humwangukia mchimbaji, na mama huvuja damu baada ya kujifungua. Tufikirie kituo cha afya usiku wa manane: damu imo jokofuni, muuguzi yupo kitandani pa mgonjwa, lakini mwenye mamlaka ya kuandika agizo hayupo. Je, muuguzi aagize, au asubiri?

Uuguzi nchini unaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Muuguzi husajiliwa na hupewa leseni, na Baraza la Uuguzi na Ukunga humwajibisha akikosea. Kwa utaratibu uliozoeleka, daktari au tabibu ndiye huagiza damu. Muuguzi huhakiki jina na kundi la damu, huitundika chupa, kisha humwangalia mgonjwa kwa makini, hasa dakika 15 za mwanzo. Hivyo anayebeba ulinzi wa mgonjwa siye mwenye kauli ya kuanza.

Suala hili liliwafikia Waingereza pia. Kanuni zao za usalama na ubora wa damu za mwaka 2005 ziliitoa damu katika tafsiri ya kisheria ya dawa, kwa hiyo kuiagiza hakukufungwa tena na sheria ya waandikaji wa dawa. Mwaka 2009 ukatolewa mwongozo wa wauguzi na wakunga kuidhinisha damu, kwa sharti la mafunzo maalumu, kupimwa umahiri na ridhaa ya mwajiri. Sisi nasi si wageni wa njia hiyo: madaktari wasaidizi wetu wamefanya upasuaji wa uzazi kwa miongo mingi, na mwaka 2016 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kugawana majukumu.

Dini yetu inasemaje? Suratul Baqara, aya ya 173, inaharamisha kula damu, lakini inamwondolea dhambi aliyelazimika. Kwa msingi huo wanazuoni wameruhusu mgonjwa aongezewe damu. Ama kuhusu nani atibu, hadithi iliyopokewa na Abu Daud inafundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Kigezo, basi, ni elimu, wala si cheo. Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliagiza awekwe katika hema la Rufaida, mwanamke aliyejulikana kwa kuwauguza majeruhi.

Kwa hiyo tunaona kwamba muuguzi aliyefunzwa na kupimwa apewe idhini hii kwa maandishi, kwa hali za dharura zilizotajwa, huku upimaji wa ulinganifu wa damu ukibaki palepale. Kumpa idhini bila mafunzo ni kumhatarisha mgonjwa, maana damu isiyolingana huua. Kumnyima aliyehitimu ni kumwacha achague kati ya leseni yake na uhai wa mama yule.

Hata hivyo, idhini haijazi jokofu tupu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hutegemea wachangiaji wa hiari, na kituo chake cha Kanda ya Ziwa kipo Mwanza. Enyi wazazi na vijana wetu, tusingoje mpaka mgonjwa awe wetu ndipo tunyooshe mkono. Nanyi waume, msiwacheleweshe wake zenu kwa hofu zisizo na msingi wa dini wala wa tiba.