Mnada Usionadiwa: Zabuni za Siri, Kompyuta na Mkulima wa Idete

Neno mnada linahusiana na kitenzi kunadi, yaani kutangaza kwa sauti. Katika mnada wa hadhara mnunuzi husikia bei ya mwenzake, akaipandisha. Katika zabuni ya siri kila mmoja huandika bei yake na kuifunga, asijue wengine wameandika nini. Tofauti hiyo si ya istilahi tu. Inagusa kipato cha mkulima.

Ichukuliwe mfano wa mpunga wa Idete, katika Bonde la Kilombero. Mnunuzi anaona kilo moja ina thamani ya shilingi 1,000 kwake. Akiandika 1,000 na kushinda, hapati faida, hivyo hupunguza. Nadharia ya minada yaonyesha kwamba, iwapo thamani zote kuanzia sifuri hadi kikomo fulani zina uwezekano sawa, wanunuzi wakiwa wawili ataandika 500. Wakiwa watano, 800. William Vickrey alibainisha mwaka 1961 kwamba mshindi akitakiwa kulipa bei ya anayemfuatia, hana sababu ya kupunguza: ataandika 1,000.

Je, kazi hiyo ikikabidhiwa programu ya kompyuta? Wapo wanaodai kuwa mashine haina tamaa wala udugu, hivyo haiwezi kula njama. Dai hilo ni dhaifu. Mwaka 2022 Martino Banchio na Andrzej Skrzypacz walionyesha kwamba programu zinazojifunza zenyewe, mshindi akilipa bei aliyoiandika, zaweza kuzoea bei za chini pasipo kuagizwa wala kuwasiliana. Zilipoarifiwa bei ambayo ingetosha kushinda, ushindani uliimarika.

Suala hili si la mbali. Stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, wanunuzi walishindana kwa zabuni. Mwaka 2024 mauzo ya korosho yalihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Pale zabuni inapotumwa kwa kompyuta, hatua ya kuiachia kompyuta ipange bei yenyewe ni fupi.

Hapana budi, basi, kanuni itangulie mashine. Kabla mpunga wa Idete haujauzwa kwa njia hiyo, iamuliwe kwamba bei zote zilizoandikwa zitatangazwa mara tu mauzo yanapofungwa. Yaweza kupingwa kwamba tangazo hilo litawasaidia wanunuzi waliokwisha kupatana kuchungana. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo itangazwe bei, si jina la aliyeiandika. Siri inafaa kabla ya uamuzi, kwa kuwa humzuia mnunuzi kuiga. Ikiendelea baada ya uamuzi, humnyima mkulima njia ya kujua kama bei aliyopewa ilitokana na ushindani au na mazoea ya mashine. Mauzo ya namna hiyo yana zabuni, lakini hayastahili kuitwa mnada, maana hakuna kilichonadiwa.