Toa Hiyo Mashine Chini ya Kitanda



Dada mmoja wa ushirika wetu ameniandikia kwenye inboksi, na kwa ruhusa yake naleta swali lake hapa bila jina. Mume wake alipimwa usingizi mapema mwaka huu, akaambiwa ana apnia, yaani pumzi yake hukatika akiwa amelala. Familia ikachanga, mashine ya kupumulia ikanunuliwa. Akailalia siku nne. Siku ya tano, saa saba za usiku, akaivua, akairudisha kwenye mkoba wake, akaisukuma chini ya kitanda. Huko ndiko iliko hadi leo. Sasa dada anauliza: "Mchungaji, tumwombee apone ili asiihitaji, ama nimshurutishe aivae? Yeye anasema kulala na mashine ni kumwambia Mungu ameshindwa."

Jibu langu ni fupi: aivae leo usiku. Kumwombea tutamwombea, akiwa ameivaa.

Lakini najua si yeye peke yake, kwa hivyo nivumilieni niandike kwa urefu kidogo.

Ugonjwa huu wengi wetu tunaujua kwa majina mengine. Mtu anakoroma mpaka ploti nzima inamfahamu. Kisha kimya. Sekunde 10, sekunde 20, wakati mwingine zaidi, hadi mkewe anajikuta naye ameshika pumzi. Halafu anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyetolewa majini, anarudi kulala, na asubuhi hakumbuki chochote. Mwenye hali kali hukatika pumzi hivyo mara 30 au zaidi kwa saa moja. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mpaka kuche. Anaamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, amechoka kuliko alivyolala. Anasinzia kwenye matatu, anasinzia kazini, na hasa anasinzia kanisani.

Na sisi walokole tuna haraka ya kutoa majina. Akishtuka akitafuta pumzi, amekabwa na jinamizi. Akisinzia wakati wa neno, ana roho ya usingizi. Katika mkutano mmoja nilimwona ndugu akiwekewa mikono siku tatu mfululizo kwa ajili ya roho hiyo, na katika siku hizo tatu hakuna aliyemgeukia mkewe aliyekuwa amesimama pale pale amuulize, "Mama, huyu analala vipi?"

Someni tena Matendo sura ya 20. Kijana Eutiko ameketi dirishani, Paulo anahubiri hadi usiku wa manane, usingizi unamlemea kijana, anaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo anashuka, anamkumbatia, na kijana anarudishwa akiwa hai. Sioni mahali ambapo alikemea pepo la usingizi. (Wala sioni mahali ambapo alifupisha mahubiri, maana alirudi juu akaendelea hadi alfajiri. Lakini hilo tuliache, nitasingiziwa.)

Kinachotokea ni jambo la mwili. Tukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa watu wengine inalegea kiasi kwamba ulimi na nyama laini za nyuma ya mdomo zinaziba njia ya hewa. Ubongo unaona hewa imepungua, unamwamsha mtu kidogo tu ili koo lifunguke, na mzunguko unaanza upya. Unene huongeza hatari, lakini wapo watu wembamba wenye taya ndogo au tezi kubwa za koo wanaougua hivyo hivyo, na wapo akina mama, hasa baada ya hedhi kukoma. Kwa hivyo tuache mzaha wa kumwambia mtu apunguze chapati na atapona.

Ni jambo zito. Ugonjwa huu usipotibiwa huendana na presha ambayo haishuki hata kwa dawa, mapigo ya moyo yasiyo sawa, na kiharusi. Na anayesinzia akiwa ameshika usukani hafi peke yake. Madereva wa malori na matatu mlioko kanisani mwetu, hii aya ni yenu.

Nitataja mtu mmoja. Reggie White alikuwa mchezaji mkubwa wa mpira wa Kimarekani, na pia mhubiri aliyewekwa wakfu. Alifariki Desemba 2004 akiwa na miaka 43. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa mwingine, lakini wachunguzi walisema apnia ya usingizi huenda ilichangia. Alikuwa mtu wa nguvu, mtu wa maombi, na koo lake lilikuwa la nyama kama langu na lako.

Mashine yenyewe, ambayo madaktari wanaiita CPAP, ni kisanduku kidogo cha kukaa kando ya kitanda. Haitoi oksijeni. Nilisikia mzee mmoja akisema hataki kuwekewa oksijeni kwa sababu ndugu yake aliwekewa wakati wa korona na hakurudi nyumbani. Hofu hiyo naielewa, tulizika watu. Lakini hii inavuta hewa ile ile ya chumbani mwako, inaichuja, na kuisukuma kwa presha ndogo kupitia mpira hadi kwenye barakoa. Fikiria mpira wa kumwagilia shamba. Ukifunga mfereji unalala bapa. Maji yakipita unasimama mviringo. Hewa hiyo inafanya vivyo hivyo kooni mwako. Ya kwanza ilitengenezwa na daktari wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1981. Kabla ya hapo, waliokuwa na hali mbaya sana walitobolewa shimo kooni ili wapumue usiku.

Sasa niongee na ndugu wa siku nne. Ndugu yangu, mimi mwenyewe nalala na mashine hii. Ni mwaka wa pili sasa. Wahudumu wa mlangoni ambao mmekuwa mkiitazama ile alama ya mikanda mashavuni mwangu Jumapili asubuhi, basi jibu ndilo hilo.

Wiki ya kwanza ni mbaya, na anayekuambia vingine anakuuzia kitu. Ukiiwasha, hewa inakupiga usoni kama umetoa kichwa dirishani gari likiteremka Mai Mahiu. Kuvuta pumzi ni rahisi. Kutoa ndiko kazi. Moyo unaenda mbio, unajiona unazibwa na kitu kilichotengenezwa kukufungua. Ukigeuka upande, barakoa inaachia mwanya na hewa inakupulizia jichoni. Koo linakauka. Wengine wanameza hewa na kuamka tumbo limejaa kama ngoma. Mimi nilikuwa naivua nikiwa usingizini kabisa. Asubuhi naikuta sakafuni, inapuliza zulia.

Siku nne hazitoshi kuamua lolote. Mwili wako umelala bila kitu usoni tangu uzaliwe. Unataka uzoee kufikia Ijumaa?

Kilichonisaidia kuliko vyote ni ushauri wa muuguzi mmoja: usianze na usiku. Akaniambia niivae mchana nikiwa macho, nimeketi, nafanya kitu kingine. Kwanza barakoa peke yake bila mashine, dakika 10 au 15. Baadaye na mashine ikiwa imewashwa. Nilikuwa naandaa mahubiri nimeivaa, mtoto wangu wa mwisho akawa anawaambia wenzake baba amekuwa rubani. Baada ya kama wiki mbili, woga wa kuzibwa ulipungua bila mimi kupigana nao. Usiku ukifika, uso ulikuwa tayari umeizoea.

Mengine nayataja haraka. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na presha ya chini ikapanda polepole ukiwa umeshalala. Uliza kiko wapi. Koo likikauka, tumia kile kibakuli cha maji cha kuongeza unyevu, na usiweke maji ya kisima yenye chumvi, yataacha ukoko. Mlioko Limuru na Nyahururu, maji yakijikusanya kwenye mpira usiku wa baridi yakaanza kugugumia, upitishe mpira chini ya blanketi. Ukilala mdomo wazi, ile barakoa ya pua peke yake inaweza isikufae. Ipo ya kufunika pua na mdomo, na ipo ndogo ya kuingia puani tu kwa wanaochukia kufunikwa. Barakoa ikivuja usikimbilie kukaza mikanda, mara nyingi ndiyo inaharibu zaidi. Na tafadhali, usijipake Vaselini usoni kisha uivae. Itateleza usiku kucha na mafuta yataiharibu. Pua ikiziba, itibiwe. Presha ya mashine usiiguse kwa kubahatisha. Mpigie simu aliyekupima.

Stima ikipotea je? Barakoa zina matundu ya kutolea hewa, na zile za kufunika pua na mdomo zina mlango mdogo unaofunguka mashine ikizima. Utaamka, utaivua, utalala kama zamani usiku huo mmoja.

Na wanaotafuta mashine iliyotumika kwa sababu ya bei, sitawalaumu, bei yake ni mzigo. Ila chunguza namba yake kwanza. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake kwa sababu ya sifongo ya ndani iliyoweza kubomoka na kuingia kwenye hewa. Baadhi ya hizo bado zinaweza kukutana nawe sokoni.

Usikate tamaa kwa sababu umevaa saa mbili tu. Wataalamu wengi huhesabu mtu anaitumia vizuri akifikisha angalau saa 4 kwa usiku, siku 7 kati ya 10. Lengo ni usiku mzima, pamoja na ule usingizi wa Jumapili mchana baada ya ugali. Lakini anza na saa mbili zako. Kesho ziwe mbili na nusu.

Tuje kwa lile neno kwamba kuivaa ni kumwambia Mungu ameshindwa.

Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia ni mgonjwa wa kufa. Analia, anaomba, na kabla Isaya hajavuka ua, Mungu anamrudisha na ahadi: mfalme atapona, ataongezewa miaka 15. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Mungu mwenyewe. Na kinachofuata ni nini? Isaya anaagiza waletewe andazi la tini wakaliweke juu ya jipu. Nabii aliyebeba neno la uponyaji ndiye huyo huyo aliyeagiza dawa. Hezekia hakusema tini zinamdharau Mungu. Zikawekwa, akapona.

Mungu anaweza kuliponya koo la ndugu yetu bila mashine? Anaweza, na ninamwomba. Ukiamini amekuponya, rudi ukapimwe usingizi tena. Vipimo vikisema hivyo na daktari akikubali uiache, njoo na hiyo karatasi tutashangilia mpaka paa litikisike. Ila bila kipimo, mtu aliyelala hawezi kuwa shahidi wa usingizi wake mwenyewe.

Watumishi wenzangu mnaosoma ukurasa huu, nawaomba kwa heshima. Msipokee mashine madhabahuni. Mtu akija ameibeba kama ushuhuda, mwombee na umrudishie mkononi. Kesho yake wewe utakuwa umelala kwako, na yeye atakuwa anaendesha lori usiku kuelekea Malaba.

Na dada yangu uliyeniandikia: usimshurutishe. Ukimgombeza, mashine itakuwa vita kati yenu wawili, naye ataichukia zaidi. Kaa naye. Akiivaa mchana, kaa hapo mkizungumza. Mwambie unachokiona usiku, maana yeye hawezi kukiona. Ikibidi mrekodi kwa simu asikie mwenyewe lile kimya na ule mshtuko. Usimcheke jinsi anavyofanana. Mama Mchungaji aliniambia kilichomsumbua mwanzoni ni utulivu. Alikuwa amezoea mkoromo miaka mingi, sasa akawa anaamka usiku kunigusa kifua ajue kama nipo. Siku hizi halali vizuri nikiwa sijaiwasha.

Naye mwambie mumeo Mchungaji anamtafuta. Nitakuja na barakoa yangu, tukae sebuleni tuzivae wote wawili, tunywe chai tukizivua.

Kesha la Ijumaa lipo, tunaanza saa tatu usiku. Kuanzia mwezi huu, wenye mashine na wote wenye maagizo ya daktari kuhusu usingizi wataombewa kwanza, na saa nne na nusu gari la kanisa litawarudisha nyumbani wakalale. Mzee wa zamu asiwaulize kwa nini wanaondoka. Anayehitaji kuzungumza nami faragha kuhusu jambo hili, niko ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Njoo na mkeo, au na mumeo. Yeye ndiye mwenye habari.

Mungu awabariki.
Mchungaji wenu