Majilio haya tuwafuate waliopotea jumuiyani

NENO LA WIKI
Na Anastazia Mlowe

Jumapili ijayo Kanisa linaingia mwaka mpya wa liturujia. Padre atatoka sakristia amevaa kasula ya zambarau, mshumaa wa kwanza kati ya minne utawashwa, na Utukufu hautasikika tena katika Misa za Jumapili mpaka Noeli. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana tutaianza safari hii siku moja, kwa kuwa Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Safari yenyewe ni fupi. Haipungui siku 22 wala haizidi 28. Ukiichezea wiki ya kwanza, karibu robo ya Majilio imekwenda.

Na mara nyingi tunaichezea. Kwaya ziko kwenye mazoezi ya nyimbo za Noeli, wazazi wanapiga hesabu za ada na sare za Januari, Wachaga walioko Dar es Salaam wanawahi tiketi za basi la Moshi kabla hazijaadimika, na kamati za parokia zinagawana kazi za mapambo. Silaumu hata moja kati ya hayo. Ninachosikitikia ni kwamba Noeli inatukuta tumeshaandaa nyumba, nguo na sufuria, huku jirani tuliyekuwa tukisali naye kila wiki hajaonekana tangu Juni na hakuna aliyepiga hodi kwake.

Rai yangu wiki hii ni kwamba Majilio ya jumuiya yaanze na mtu huyo.

Waliotutangulia katika imani hawakukichukulia kipindi hiki kimzaha. Katika karne ya 6, mtaguso uliofanyika Mâcon, katika nchi inayoitwa leo Ufaransa, uliagiza waamini wafunge Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba 11, hadi Noeli. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia mpaka leo hufunga zaidi ya siku 40 kabla ya Noeli yao ya Januari 7. Kanisa Katoliki halituagizi tena mfungo wa namna hiyo, ila uzito wa kipindi uko palepale. Hadi Desemba 16 masomo ya Misa yanatuelekeza zaidi kwenye ujio wa Kristo mwisho wa nyakati; kuanzia tarehe 17 ndipo yanatushika mkono kutupeleka Bethlehemu. Kabla hatujaliangalia pango, tunaulizwa kwanza: Bwana akija leo atatukutaje? Na mwinjili Mathayo ametuambia bila kificho hukumu itasimama juu ya nini: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa na mfungwa.

Swali hilo haliwezi kujibiwa na paroko peke yake. Paroko mwenye waamini maelfu na vigango vya kuzungukia hawezi kujua kwamba mzee wa nyumba ya nyuma amelala kitandani wiki ya tatu. Anayejua ni jumuiya. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walilitambua hilo walipokutana Nairobi mwaka 1973 wakaamua Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakakutana tena kulifanyia kazi jambo hilohilo. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikalieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT nao wana jumuiya zao chini ya mtaa na usharika. Lengo la wote ni moja: Mkristo awe na watu wanaomjua kwa jina, wanaojua akiumwa, akifiwa na akikosa chakula.

Sasa tutazame mkutano wetu wa Jumamosi asubuhi ulivyo katika mitaa mingi ya mijini. Saa kumi na mbili na nusu viti vya plastiki vimepangwa uani, meza imetandikwa kitambaa cheupe, msalaba upo, mshumaa upo. Wimbo unaimbwa, Injili ya Jumapili inasomwa, wawili watatu wanatafakari kwa haraka kwa sababu watu wanawahi kazini. Kisha yanakuja matangazo. Mhazini anasimama na daftari: ujenzi wa nyumba ya mapadre, mfuko wa mavuno, sherehe ya somo wa jumuiya, zawadi ya Noeli ya parokia. Anasoma jina moja moja. Huyu amemaliza, huyu amepunguza, huyu hajatoa kabisa. Sehemu hii ndiyo ndefu kuliko zote.

Namkumbuka mama mmoja muuza mbogamboga ambaye jina lake lilisomwa hivyo mbele ya watu, deni la michango minne kwa mpigo. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua pindo la khanga yake mpaka mkutano ukaisha. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Miezi ikapita. Tulipokwenda kwake hatimaye, alitukaribisha vizuri, akatuwekea mkeka, kisha akamuuliza kiongozi wetu kwa upole: "Mama mwenyekiti, mmenifuata mimi au mmefuata bahasha?"

Hatukuwa na jibu. Nadhani jumuiya nyingi zingekosa jibu vilevile.

Najua watakaoniambia kwamba Kanisa linajengwa kwa michango, na kwamba zama za kutegemea wafadhili wa ng'ambo zimekwisha. Ni kweli, na nalisema kwa moyo wote: mwamini asiyetaka kutoa wakati anacho, anakosea. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 222, zinawataka waamini wote walisaidie Kanisa katika mahitaji yake. Lakini kanuni hiyohiyo, katika aya yake ya pili, inawataka pia watetee haki katika jamii na wawasaidie maskini kwa mali zao wenyewe. Kanuni ya 848 inaonya kwamba wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na kanuni ya 1181 inataka maskini wasikose mazishi yanayostahili. Wengi wetu tumejifunza nusu ya kwanza ya fundisho hili, nusu ya pili hatujaisikia ikisomwa jumuiyani hata siku moja.

Matokeo yake tunayaona. Mtoto akipelekwa kubatizwa, vijana wakiomba kufunga ndoa, familia ikipata msiba, swali la kwanza ni: wa jumuiya gani, na anashiriki? Swali lenyewe ni jema, maana imani haiishiwi peke yake. Lakini aliyeacha kuja kwa aibu ya deni analisikia kama mlango unaofungwa. Wengine wanahamia kwa wahubiri wa mtaani, wengine wanabaki nyumbani bila kusali popote. Sisi tunawaita walegevu, na hatujawahi kuwauliza kilichowaondoa.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo manne, moja kwa kila wiki ya Majilio.

Wiki ya kwanza, viongozi wafungue daftari la majina na kuliacha la michango kabatini. Waandike wote ambao hawajaonekana muda mrefu, kisha wanajumuiya waende wawili wawili. Wakifika watoe salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo", waulize hali ya nyumbani, wasikilize, wasome Injili fupi, wasali na kuaga. Neno la deni lisitajwe kabisa. Kama kuna mgonjwa ambaye hajapokea Komunyo siku nyingi, taarifa ifike kwa katekista siku hiyohiyo. Na kwa wiki zote nne, majina yasisomwe mbele ya watu. Mwenye chake amwone mhazini kando.

Wiki ya pili Yohane Mbatizaji anatuitia toba. Jumuiya zetu zina majeraha ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyagusa: fedha za kikoba ambazo hazikurudi, mpaka wa kiwanja, maneno ya watoto yaliyogeuka ugomvi wa wazazi. Yesu alifundisha kwamba mwenye sadaka mkononi, akikumbuka ndugu yake ana neno naye, aiache kwanza altareni akapatane. Wazee wa jumuiya wawaite wanaogombana, wawakalishe, na suluhu ipatikane kabla ya foleni ya kitubio. Na kitubio chenyewe tusikisogeze hadi Desemba 23, mapadre wakiwa hoi na sisi tukitazama saa. Kanda nzima inaweza kumwomba Baba Paroko siku yake mapema.

Wiki ya tatu, yenye Jumapili ya Furaha, tulichukue swali ambalo makutano walimwuliza Yohane katika Injili ya Luka: wafanye nini? Alimjibu kila mtu kwa kadiri ya kazi yake. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kilichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, waridhike na mishahara yao. Hakumwambia yeyote akapambe nyumba. Nasi tujibu kwa kazi zetu. Mwenye msichana wa kazi amlipe mshahara wake wote kabla hajasafiri kwenda kwao, pamoja na malimbikizo. Mwenye nyumba asimtishie mpangaji kumtoa katikati ya sikukuu. Mfanyabiashara asifiche mchele na mafuta ili apandishe bei tarehe 24. Mtumishi wa umma asiyasogeze mafaili mpaka apewe "ya Krismasi". Haya yakifanyika, hata wasio Wakristo mtaani watajua kwamba Noeli inakaribia.

Wiki ya nne tumtazame Bikira Maria. Luka anaeleza kwamba baada ya kupashwa habari na malaika aliondoka kwa haraka kwenda milimani kwa Elizabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Alikuwa na mimba changa, lakini hakuitumia kama sababu ya kubaki nyumbani. Novena ya Noeli huanza Desemba 16, na jumuiya nyingi huisali kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Nashauri safari hii zichaguliwe nyumba za wale tuliowatembelea wiki ya kwanza, kama wenyewe wanaridhia, hata kama sebule ni ndogo na wengine itabidi wasimame nje. Wanaosafiri kwenda mikoani wajiunge na jumuiya ya huko walikozaliwa, wasihesabu kwamba Majilio yaliishia kituo cha mabasi.

Mambo haya hayahitaji bajeti. Hayahitaji kamati mpya, sare wala mgeni rasmi. Yanahitaji muda na unyenyekevu, na hasa unyenyekevu wa sisi viongozi, maana wengine kati ya waliopotea wana jambo la kutuambia ambalo hatutafurahi kulisikia. Tulisikie. Kristo tunayemngoja alizaliwa katika familia iliyokosa nafasi penye malazi, na habari ya kwanza ilipelekwa kwa wachungaji waliokuwa kazini usiku. Jumuiya isiyo na nafasi kwa muuza mbogamboga wake itawezaje kusema inamngoja Yeye?

Wenyeviti, makatibu na wahazini wa jumuiya, hata wazee wa mitaa ya KKKT na Anglikana, nawasihi: kutaneni kabla ya Jumapili, muandike majina na mpangane wawili wawili. Nawe msomaji uliyeacha kwenda kwa sababu ya aibu, nakuomba usingoje kufuatwa. Jumuiya ni yako kwa ubatizo wako, na deni la mchango haliwezi kukuondolea haki hiyo. Jumamosi njoo tusali.