KATIBA HAIJISOMI YENYEWE



Upo uongo ambao wenye mamlaka hupenda kutulisha: kwamba katiba ikisha kuandikwa imekwisha kusema, na kwamba jaji huisoma tu kama karani asomavyo orodha ya majina. Anayeusadiki uongo huo na aitazame Marekani, ambako katiba iliyotungwa mwaka 1787 ingali inatumika. Huko kifungu kimoja kilimfungia Mwafrika mlango, na kifungu hicho hicho kikaja kumfungulia.

Dred Scott, mtumwa, alidai uhuru wake kwa kuwa bwana wake aliwahi kumkalisha katika nchi zilizokataza utumwa. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, pamoja na majaji wenzake sita, alimkatalia. Alisema kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, si raia chini ya katiba, na kwamba hivyo ndivyo walivyokusudia walioitunga. Jaji Benjamin Curtis alimpinga kwa ushahidi: katika majimbo matano watu weusi huru walikuwa wakipiga kura tangu taifa lilipoundwa. Kumbe Taney aliwaita mababu kizimbani, kisha akawachagulia la kusema!

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 yaliwapa uraia wote waliozaliwa nchini, yakalikataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Je, maneno hayo yalitosha? La hasha. Mwaka 1896, katika kesi ya Homer Plessy aliyekataa kuhama behewa la wazungu huko Louisiana, majaji saba walisema kuwatenga watu kwa rangi si kuwanyima usawa. Safari hii hawakuegemea mababu. Walisema jimbo laweza kufuata mila, desturi na mazoea ya watu wake. Ni Jaji John Harlan peke yake aliyekataa.

Ilipofika tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote tisa waliamua kwamba shule za umma zinazotenganisha watoto kwa rangi zavunja kifungu hicho hicho. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba saa haiwezi kurudishwa nyuma hadi 1868 wala 1896. Hakuna neno hata moja la kifungu lililobadilika. Aliyebadilika ni msomaji.

Tangu hapo wanasheria wa huko wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza, kama marehemu Jaji Antonin Scalia, hushikilia maana ya asili: katiba husema yale iliyosema ilipopitishwa, na anayetaka jingine awaombe wananchi wairekebishe. Wa pili, kama marehemu Jaji William Brennan, hushikilia katiba hai: maneno makuu kama uhuru na usawa husomwa na kila kizazi kwa mahitaji yake. Tusiwadharau wa kwanza. Sisi tuliowaona majaji wakisikiliza Ikulu kabla ya kusikiliza mashahidi twajua hatari ya jaji anayeandika matakwa yake na kuyaita sheria.

Lakini hakuna kambi iliyo ngome ya mnyonge. Taney alimkandamiza kwa jina la mababu. Majaji wa Plessy walimkandamiza kwa jina la desturi za siku zao. Kwa hiyo tuwaulize wote: mababu wa nani? Desturi za nani? Nani ameachwa nje ya mlango?

Swali hili lawahusu waumini pia. Mwaka 2022, katika kesi ya Dobbs, mahakama hiyo ilitangua uamuzi wa Roe wa mwaka 1973 uliotambua haki ya kutoa mimba, ikisema haki hiyo haina mizizi katika historia ya taifa. Wengi makanisani walimshukuru Mungu. Hata hao nawasihi wakitazame kipimo chenyewe. Sheria zilizopimwa ni pamoja na zile za mwaka 1868, zama ambazo wanawake hawakuwapigia kura wabunge waliozitunga. Ukikishangilia kipimo kwa kuwa leo kimekupendelea, utasema nini siku kitakapokupunja?

Basi ni nani aliyemfanya msomaji abadilike? Kesi ya Brown iliunganisha mashauri kadhaa, na moja lilitoka wilaya ya Clarendon, South Carolina, ambako wazazi walianza kwa kuomba basi la kuwapeleka watoto wao shuleni. Mchungaji Joseph DeLaine aliwakusanya. Harry Briggs, ambaye jina lake liliongoza shauri hilo, alifukuzwa kazi. Kanisa la mchungaji lilichomwa moto mwaka 1955. Hawa ndio walioisoma katiba kwa sauti hata majaji wakasikia.

Wakili wao, Thurgood Marshall, si mgeni kwetu. Mwaka 1960 aliwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London, akaandika rasimu ya haki za raia. Katiba yetu ya uhuru ilikuwa na sura ya haki. Hata hivyo, mwaka 1989 Mahakama Kuu ilisema sura hiyo haitekelezeki, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kuitekeleza! Haki zilikuwapo karatasini. Msomaji alizifumba macho.

Leo tunayo katiba ya mwaka 2010, na kifungu chake cha 259 chaamuru isomwe kwa namna inayoendeleza haki za binadamu na utawala wa sheria. Ni agizo jema, lakini hata agizo hilo lasubiri msomaji. Mafarisayo waliijua torati kwa moyo, na bado walimnung'unikia aliyemponya mgonjwa siku ya Sabato. Asiyejua maana haambiwi maana. Naye asiyeisoma katiba yake atasomewa na wengine, kwa faida yao.

Isomeni basi katika jumuiya zenu, vikundi vya akina mama na vijana. Jaji atakapotoa hukumu, ulizeni kwa sauti: nani ameachwa nje ya mlango? Kisha nendeni mkasimame naye hapo mlangoni.