Glukosi Isitiwe Peke Yake
Mzunguko wa asidi ya sitriki, ulioelezwa na Hans Krebs mwaka 1937, ndio moyo wa upumuaji wa seli. Hata hivyo, bila vitamini B1 zao la glukosi haliingii humo ipasavyo, na hatua moja ya ndani hukwama. Mjamzito aliyetapika kwa majuma, au mnywaji pombe wa miaka mingi, huenda amepungukiwa nayo. Dripu ya glukosi tupu yaweza kumaliza akiba iliyosalia na kuudhuru ubongo: kuni zimeongezwa, hewa haipo. Vitamini hiyo yapaswa kutangulia dripu au kuandamana nayo. Sukari ikishuka mno, glukosi isicheleweshwe. B1 nayo isisahauliwe. Mgonjwa naye aeleze hali yake bila haya.