Kwenda kutumika Zambia: heshima si kunyamaza

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama munaobakia na bana nyumbani, leo tuzungumze juu ya wale wanaovuka Kasumbalesa kutafuta kazi Zambia: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, mpaka Solwezi. Shauri wanalopewa ni moja tu: «Kule weye ni mgeni, funga kinywa, tumika.» Minasema shauri hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ile ingine inaweza kukuua.

Tuanze na ukweli wake. Mgeni anafuata desturi za mwenye nyumba. Ukivuka mpaka, magari yanapita upande wa kushoto. Weye uliyezoea kuume, jicho na mkono vinachukua wakati kugeuka. Na ndani ya mgodi kila kampani iko na sheria yake ya kupita: uliza mbele ya kupanda benne. Mabango na karatasi ni Kiingereza. Wenzako wengi wanazungumza Kibemba, lugha isiyo mbali na sisi watu wa Katanga; salamu pamoja na «mukwai» inafungua milango. Saa ya kazi ni saa ya kazi. Hayo tuyafuate bila kunung'unika.

Lakini kunyamaza ni jambo lingine. Mbele ya kuanza kazi wanafundisha usalama, halafu wanaleta karatasi ya kusaini. Ukisaini bila kusikia lugha, siku mguu unavunjika, ile karatasi njo itasema ulijua hatari. Kusema «sijasikia, rudilia» si aibu hata kidogo. Shefu atakasirika dakika tano. Mjane atalia miaka.

Halafu kontra. Minajua ndugu mmoja wa Likasi, sudere wa miaka mingi. Alisaini kontra ya Kiingereza kwa kampani moja ndogo, bila mtu kumusomea. Ndani waliandika mtu wa kazi yoyote. Akawa anaunga vyuma mchana mzima, mwisho wa mwezi analipwa sawa mtu wa kufagia. Alipouliza, wakamwonyesha sahihi yake mwenyewe.

Mwingine atasema: «Franga kidogo za kule ni bora kuliko kukaa bure hapa.» Minasikia, njaa haina mpaka. Lakini tukikubali nusu ya mshahara, Muzambia njo anapoteza kazi, ao mshahara wake unashuka pia. Kisha tunashangaa kwa nini hawatupendi. Tajiri peke yake njo anapata faida.

Babu zetu walijua njia hiyo. Zamani Union Minière ilikuwa inakwenda kutafuta batumikaji kule Rhodesia ya Kaskazini, njo Zambia ya leo, na wajukuu wa wengi wao wako hapa katikati yetu. Leo safari imegeuka. Mu 1949 wachimbaji weusi wa kule waliunganisha sendika yao, Lawrence Katilungu akiwa kiongozi, na mu 1952 waligoma majuma 3 juu ya mshahara. Mpaka leo sendika ya wachimbaji iko Kitwe. Mugongo mlango ule mbele hamujapata shida, hapana nyuma yake.

Basi, weye unayefunga mzigo: vuka na ruhusa ya kazi, hapana karatasi ya mtembezi. Tafuta mtu wa kukutafsiria kontra, neno kwa neno, na kopi moja ibakie kwa bibi yako. Kule Kitwe kuna nyumba ya serikali inayopima mapafu ya wachimbaji. Hifadhi karatasi ya kipimo cha kwanza, kwa sababu ugonjwa wa vumbi unakuja nyuma ya miaka. Hapa tuko na CNSS, kule iko NAPSA: wanakata 5 % ya mshahara wako, na tajiri anaongeza 5 %. Uliza namba yako, uiandike.

Na sisi wa sendika huku? Tumezoea kusubiri mpaka maiti ivuke mpaka, njo tunafanya mikutano. Ninaomba sendika zetu ziweke mtu Kasumbalesa wa kusoma kontra za wanaoondoka, na zisikilizane na wenzetu wa Kitwe: kazi moja, mshahara mmoja, Mukongomani ao Muzambia. Shaba haijui mpaka. Na sisi tusiuzwe kwa bei mbili.