Kufika Mlangoni Si Kuketi Barazani

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, swali moja huzagaa katika baraza za Unguja na Pemba: je, kijana wetu atapata Chuo Kikuu? Swali hilo ni la haki. Inasikitisha tu kwamba jawabu lake hutolewa kwa uvumi, ilhali lingeweza kutolewa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ya siri. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kwa kawaida sifa ya chini inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ni kufaulu masomo mawili yanayohusiana na fani inayoombwa, kwa jumla ya pointi 4. Basi mwenye D mbili amekwisha kufika mlangoni. Lakini kufika mlangoni si kuketi barazani. Nafasi zinapokuwa chache kuliko waombaji, wenye alama za juu hutangulia. Anayetaka udaktari Muhimbili hutakiwa kufaulu fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu, na hapo hushindana na vijana hodari wa nchi nzima.

Kwa hiyo mzazi hana budi kuuliza mambo matatu. Je, mtoto ana sifa? Je, masomo aliyosoma ndiyo yanayotakiwa na fani hiyo? Na je, aliyechukuliwa wa mwisho mwaka uliopita alikuwa na pointi ngapi? Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa.

Tangu mwaka 2017, utaratibu wa maombi ya pamoja ulioanza mwaka 2010 ulipokoma, mwombaji hupeleka maombi chuoni moja kwa moja. Uhuru huo una mzigo wake. Anayeomba fani moja katika chuo kimoja, tena kwa alama za kubahatisha, anajifungia mwenyewe. Aombe anachokitamani, aombe na anachokiweza. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ni chetu. Tusikifanye kimbilio la waliokataliwa kwingine.

Kwa viongozi tuna neno pia. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo ili mtoto wa mkulima asizuiwe na umasikini wa babaye. Leo kizuizi kingine ni habari. Mtoto wa ofisa huelezwa utaratibu mezani kwao. Mtoto wa mvuvi wa Micheweni huusikia muda wa maombi ukiwa umekwisha. Pengo hilo ndilo linalozaa imani ya vimemo na kujuana. Vyuo na vitangaze kila mwaka pointi za chini zilizochukuliwa katika kila fani, na kila skuli yenye kidato cha tano na cha sita iwe na mwalimu wa ushauri aliyepewa muda wa kazi hiyo. Ushauri huo na uanze mapema, kwani aliyeiacha kemia kidato cha tatu ameuaga udaktari bila ya kujua.

Dua ni silaha ya muumini, lakini tawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Tuwafundishe vijana wetu kumfunga.